Slaidi Zimehamia Mtandaoni, Bando Limekatikia Misiera

Msyuu! Eti PowerPoint imepitwa na wakati. Nani kasema? Kijana mmoja wa semina, katoka Kampala na fulana yenye nembo kifuani, kasimama mbele ya vijana wetu hapa Misiera, kwenye makazi ya wakimbizi ya Nakivale, na kuwaambia waachane na programu za kwenye kompyuta. Siku hizi, anasema, mambo yote mtandaoni: unafungua simu, unatengeneza slaidi zako, unamtumia mtu linki, kwisha habari. Na ni bure! Hiyo "bure" aliivuta mpaka nadhani waliisikia Juru. Soda zikanywewa, picha ya pamoja ikapigwa, gari likageuza kurudi Mbarara. Sisi tukabaki kwenye benchi la fundi simu tunatazamana.

"Yaya," kijana mmoja akaniuliza, "yule alikuwa anamwambia nani aache nini?"

Swali zuri kuliko semina nzima. Mtu huacha alichonacho. Nani Misiera alikuwa na PowerPoint? Mwalimu ana kompyuta moja ya mkononi ambayo betri yake ilishakufa siku nyingi, inaishi kwa waya, na sola ikizidiwa inazima katikati ya sentensi. Ofisi za mashirika kule Base Camp wanazo, lakini zile ni zao. Wengine wote PowerPoint tuliijua kwa watu. Ukitaka slaidi unapanda taksi kwenda Mbarara, flashi inaning'inia shingoni, unaingia steshenari, unasubiri foleni nyuma ya wanafunzi wa chuo kikuu, kisha unamsomea dada wa kuchapa maneno yako kutoka kwenye daftari huku yeye anaongea na simu. Juu ya skrini kuna ule mstari mwekundu unaosema programu haijalipiwa. Tangu siku ya kwanza nilipoingia mule mpaka leo sijawahi kuona skrini isiyokuwa na mstari ule. Kwa hiyo tusidanganyane: hata hiyo ya zamani wengi wetu tuliitumia ya wizi, kwenye kompyuta ya mtu, kwa saa ya kukodi.

Na shida zake zilikuwa nene. Unamaliza kuchapa, unachomeka flashi, unarudi nayo mpaka hapa, unaipeleka kwa mwalimu, unafungua: faili zote zimegeuka vialama vyenye mshale mdogo pembeni. Kirusi. Ukibofya, hakuna kitu. Slaidi zenyewe zimefichwa humohumo ndani, lakini nani hapa anajua kuzifichua isipokuwa fundi, na fundi ana bei yake. Au unasema ngoja niache faili kwenye kompyuta ya steshenari, kesho nitamalizia. Kesho unakuta hakuna. Wanaweka programu ya kugandisha kompyuta, Deep Freeze, ikizimwa na kuwashwa inaamka haikumbuki chochote cha jana, kama mlevi. Mwenye duka anakwambia si kosa lake. Kwa kweli si kosa lake, bila hiyo mashine zake zingekufa kwa virusi vya flashi zetu. Lakini nauli yako imeshaliwa.

Ndiyo maana mimi siungani na wanaosema haya ya mtandaoni ni ujinga mtupu. Mzee mmoja hapa, wa kutoka Uvira, aliyefundisha sekondari enzi za Mobutu, yeye kila kipya ni uongo wa kutuuzia MB. Nilimwambia, muzee, kaa chini nikueleze. Kabla hujaitukana mpya, ijue ile ya zamani ilikotoka. Watu wanadhani PowerPoint ni mtoto wa Bill Gates. Wapi! Ilizaliwa kwenye kampuni ndogo ya California iliyoitwa Forethought, kwa mikono ya Robert Gaskins na Dennis Austin, ikatoka mwaka 1987, tena kwa kompyuta za Macintosh, rangi nyeusi na nyeupe basi. Mwaka huohuo Microsoft wakainunua kampuni nzima kwa dola milioni 14. Na kina Gaskins waliibuni kwa ajili ya nani? Kwa maofisa na wauzaji wa makampuni, wale waliokuwa wakisimama mbele ya wakubwa wao na karatasi za plastiki juu ya mashine ya taa. Mama wa kikundi cha akiba cha Misiera hakuwamo akilini mwao hata kidogo.

Waliotuletea sisi ni mashirika. Walipoanza kutaka kila kikundi kijieleze kwa slaidi, ndipo slaidi zikawa mlango wa kuombea pesa. Nakivale ina wakimbizi tangu mwisho wa miaka ya 1950, walianza Wanyarwanda, wakaja Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia, Waeritrea. Miaka yote hiyo watu waliomba ardhi, mbegu, maji, dawa, na waliomba kwa mdomo au kwa barua. Leo hata ukiomba pampu ya kumwagilia nyanya unaulizwa, slaidi zako ziko wapi?

Basi mtandaoni nako kumekuja kwa hatua. Google walifungua programu yao ya slaidi mwaka 2007. Mwaka 2009 ikaja Prezi kutoka Budapest, ile inayovuta picha na kuizungusha mpaka mtazamaji anashikwa na kizunguzungu. Misiera haikukaa, ilitaka kompyuta yenye nguvu na intaneti isiyokatika, yaani vyote viwili tusivyonavyo. Microsoft wenyewe nao wakapeleka PowerPoint mtandaoni mwaka 2010, kwa hiyo hata yule kijana wa semina aliyesema tuachane nayo hajui kwamba yenyewe ilishahama kabla yake. Halafu 2013 Waaustralia wakaleta Canva. Hapo ndipo vijana wetu walipochanganyikiwa. Canva inakaa kwenye simu. Simu ya kioo kilichopasuka, hifadhi imejaa, lakini kijana anachagua templeti, anabadilisha jina, anaweka rangi, na ndani ya saa moja ana slaidi zinazong'aa kuliko za ofisi iliyomkataa mwaka jana.

Faida yake nimeiona kwa macho. Kuna kikundi hapa, vijana watatu. Mmoja yuko Misiera, wa pili anasoma chuo Mbarara, wa tatu anahangaika na maisha Kampala. Zamani wangetumiana flashi kwa dereva wa taksi, na kila mmoja angekuwa na toleo lake: "ya mwisho", "ya mwisho kabisa", "ya mwisho kweli". Sasa wanaingia kwenye slaidi za Google usiku wa manane, maana bando la usiku ndilo la bei nafuu, na unamwona mwenzako wa Kampala anafuta neno lako herufi kwa herufi huku unaangalia. Wanagombana pembeni ya slaidi kwa maandishi. Asubuhi macho mekundu, lakini kazi imeisha na hakuna aliyepanda gari. Kipindi cha corona, shule za Uganda zilipofungwa, mara zote mara baadhi, tangu Machi 2020 mpaka Januari 2022, wanafunzi wa vyuo waliokwama hapa Nakivale walipata cha kushika kwa njia hiyohiyo. Steshenari za Mbarara zilikuwa zimefunga milango. Flashi ungempelekea nani?

Kwa hiyo muzee wa Uvira hana haki yote. Lakini ana haki nusu, na hiyo nusu ndiyo tuliyokesha nayo.

Nusu yenyewe ni hii: ile "bure" inalipiwa, ila analipa mwingine kwa mlango mwingine. Zamani bwana wako alikuwa mwenye kompyuta. Sasa bwana wako ni muuza bando. Wa kwanza ulimlipa ukimaliza. Huyu unamlipa kabla hujaanza, na muda wa bando la siku ukipita anakunyang'anya MB ulizobakiza. Kila ukifungua slaidi zenye picha, simu inaweza kushusha picha zote upya. Unafungua urekebishe neno moja tu, "wanawake" liliandikwa "wanawke", na bando la siku limekwenda na hilo neno.

Juu ya hilo weka serikali. Julai 2018 wakaleta kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa kila anayetaka kuingia WhatsApp, Facebook na wenzao. Nchi nzima ikajifunza kuikwepa kwa VPN ndani ya wiki. Julai 2021 ile ikaondolewa, ikaja nyingine: asilimia 12 juu ya data yenyewe. Sheria ikaandika kwa herufi nzuri kwamba data ya huduma za afya na elimu haimo. Nyoo! Bando nililolinunua kwa wakala pale njia panda litajuaje kwamba natengeneza slaidi za darasa na si kwamba naangalia mpira? Na zipo siku ambazo hata pesa haisaidii. Uchaguzi wa tarehe 14 Januari 2021: jioni ya tarehe 13 intaneti ya nchi nzima ikazimwa, ikarudi tarehe 18. Siku hizo aliyekuwa na faili kwenye flashi alifanya kazi yake. Aliyekuwa nalo mtandaoni alicheza karata na sisi.

Kuna jingine ambalo wa semina hawalisemi kwa sababu haliwahusu. Akaunti. Slaidi zako za mtandaoni zimefungwa kwa akaunti, na akaunti ukisahau paswadi inatuma namba ya siri kwenye laini ya simu. Laini ya nani? Kabla ya Agosti 2019, Tume ya Mawasiliano ya Uganda ilipoagiza mkimbizi asajiliwe laini kwa kitambulisho chake cha ukimbizi au barua ya Ofisi ya Waziri Mkuu (OPM), wengi hapa walikuwa wanatumia laini zilizosajiliwa kwa jina la mtu mwingine, rafiki Mganda, mpangaji mwenzako wa Mbarara, hata mwenye duka. Simu ikiibiwa kwenye stendi, au yule rafiki akihama, laini imekwenda. Laini ikienda, namba ya siri inatumwa kwa hewa. Dada mmoja hapa alipoteza picha za miaka mitatu za kikundi chake cha kushona, pamoja na slaidi zote, kwa njia hiyo. Hakuna kirusi, hakuna mwizi wa faili, vitu viko salama kabisa huko viliko. Ila hawezi kuvifikia. Kila tukimkumbusha anasonya mpaka mate yanakauka, na simlaumu.

Sasa tuje kwenye siku yenyewe ya kusimama mbele za watu. Hapo ndipo aibu inapokaa. Shirika moja, jina libaki tumboni, liliita vikundi kwenye ukumbi Mbarara vijieleze, mshindi apewe mtaji. Vijana wetu wa kile kikundi wakaenda na simu mkononi na linki tu. Tuliwauliza, flashi? Wakacheka. Flashi ni ya wazee. Mbarara ni jiji tangu Julai 2020, mtandao upo. Wakafika ukumbini, linki ikafunguliwa kwenye kompyuta ya wenye mkutano, ikaandika kwamba unahitaji ruhusa ya mwenye faili. Mwenye faili nani? Yule wa Kampala. Akapigiwa, simu imezimwa. Bahati mmoja akakumbuka kwamba naye ana haki ya kutoa ruhusa, akatoa kwa simu yake, slaidi zikaanza kufunguka. Duara likazunguka. Likazunguka. Wi-Fi ya ukumbi walikuwa wameigawana watu wote waliomo, na kila mmoja yuko kwenye WhatsApp. Slaidi ya kwanza ikaja bila picha. Ya pili ikaja na picha iliyopigwa mistari ya chapa ya Canva juu yake, ile inayotokea ukichagua picha ya kulipia bila kulipia. Kwenye simu ndogo hawakuiona, ukutani ikajaa mita mbili. Kijana akaacha kusubiri, akageuka, akaeleza kwa mdomo shamba lake, uyoga wake, wateja wake wa Kabingo. Alieleza vizuri sana, wote walisema. Mtaji wakapewa wengine.

Mama mmoja wa kikundi cha akiba alikuwepo siku hiyo. Yeye alikuwa na karatasi ya manila na kalamu nene, akaibandika ukutani kwa gundi ya karatasi. Usidhani alishinda yeye. Hata yeye hakupata kitu. Jaji mmoja alimwambia kazi nzuri ila afikirie "mwonekano wa kisasa". Aliporudi hapa alitusimulia kwa sauti ile ya jaji, tukacheka mpaka fundi akaangusha skrubu.

Mwonekano wa kisasa! Hapa ndipo mimi mwenyewe nasonya kwa roho yangu yote. Hizi templeti zimetufanya tufanane. Fungua slaidi za kikundi cha wafugaji wa kuku, fungua za wafundisha ngoma, fungua za wanaotengeneza makaa ya maganda ya ndizi: duara la bluu kona ya juu, herufi nyembamba, ukurasa wa tatu umeandikwa "Timu Yetu", na kwenye jalada watu wenye meno meupe wamezunguka meza ya kioo wanaangalia kompyuta. Meza ya kioo Misiera iko wapi? Kijana mmoja alitafuta picha ya mkimbizi humo ndani ya programu, akaletewa mtoto analia nyuma ya waya wa miba. Akaiweka. Nikamwambia, baba, Nakivale ina waya wa miba wapi? Hapa mtu anatoka nyumbani kwake asubuhi, anashika njia ya Mbarara, hakuna geti wala ukuta; sheria ya wakimbizi ya 2006 imempa ruhusa ya kutembea na kufanya kazi. Akasema, najua, lakini wafadhili wanaipenda. Huyo anajua slaidi ni za nani.

Na ana simu yenye kamera! Angetoka nje akapiga picha kibanda cha mama yake, ziwa kule chini, ng'ombe wale wenye pembe za ajabu wa Ankole wanaovuka barabara bila kuuliza mtu. Kwa nini hakufanya? Kwa sababu picha za simu yake ni nzito, zinakula bando kuzipandisha, na picha ya Canva iko tayari humohumo. Kwa hiyo hata sura yetu tunayoionyesha kwa watu inapangwa na bei ya MB. PowerPoint ya steshenari ilikuwa na ubaya wake wote, lakini picha iliyokuwa kwenye flashi ilikuwa yako, na kuiweka hakukugharimu senti ya ziada.

Fundi simu, ambaye siku nzima anasikiliza tu na bisibisi mdomoni, ndiye aliyetoa la maana. Yeye anawafundisha watoto hivi: tengenezeni mtandaoni, hapo hamna ubishi, lakini ikibaki siku mbili ishusheni. Ishuke kama PDF, ikae kwenye simu zaidi ya moja, na kwenye flashi ya mtu asiyeazimisha flashi yake. Slaidi za Google zinakubali kufunguka bila mtandao, ila lazima uwe umeziruhusu mapema ukiwa bado una mtandao. Ukikumbuka bando likiwa limeshakata, umechelewa. Linki ifungueni kwa simu ya jirani asiyekuwemo kwenye kikundi, mkaone kama anaombwa ruhusa. Na kuna LibreOffice, hiyo ni programu ya kompyuta, bure ya kweli, unaishusha mara moja na haina mstari mwekundu. Mwalimu ameiweka kwenye mashine yake ile ya waya. Wakongwe wa mambo hayo watakumbuka kwamba ndugu yake OpenOffice alitafsiriwa kwa Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2004, akaitwa Jambo OpenOffice, kabla hata Canva haijazaliwa. Kijana wa semina hakuigusia. Labda hakuna anayelipwa kuitangaza.

Muzee wa Uvira akauliza, sasa kama mwisho wake ni kushusha kwenye flashi, tulihama nini? Fundi akatoa bisibisi mdomoni: "Muzee, tumehama steshenari. Nauli ya Mbarara inabaki mfukoni." Muzee akakubali kwa kichwa, shingo upande.

Alhamisi vijana wa uyoga wanaitwa tena, safari hii na shirika jingine, hapahapa Base Camp. Slaidi wameshazipanga upya, meza ya kioo imeondolewa, uyoga wao wenyewe uko kwenye jalada, umepigwa picha saa kumi jioni mwanga ukiwa mzuri. Kilichobaki ni kuzishusha, na faili limekuwa zito kwa ajili ya hizo picha. Kijana akasimama katikati yetu akauliza kwa adabu zote, wakubwa zangu, nani atanipa hotspot dakika kumi tu?

Simu zote pale benchini ghafla zikawa hazina chaji.